Eti watoto wa siku hizi kompyuta wanaijua wenyewe?

Wengi tunaamini watoto waliozaliwa wakakuta simu janja hawahitaji kufundishwa kompyuta shuleni, na ukiona vidole vinavyokimbia kwenye skrini utaelewa kwa nini. Ila wanafunzi wakipimwa, nchi mbalimbali, wengi wanakwama kwenye vitu vya kawaida tu, maana apu za simu zinaficha faili zinakaa wapi, na kuperuzi video hakumfundishi mtu kupanga kazi. Mjaribu wa kwako: mwambie aseivu dokumenti kwenye folda, afunge kila kitu, kisha aitafute mwenyewe na kuituma kwa imeili kama kiambatisho. Au atafute kitu mtandaoni akuonyeshe yapi ni matangazo ya kulipiwa na yapi ni majibu yenyewe, hapo ndo wengi hubabaika (hata sisi wakubwa jamani).