Fukuto halina mwenyeji: tunayodanganyana kuhusu mbio ndefu za pwani

Tulipanda basi la alfajiri watu tisa wa kundi letu la jogging, Mtwara kwenda Dar es Salaam, kukimbia nusu marathoni. Kuanzia Mingoyo mpaka Mkuranga tambo zilikuwa zile zile: watakaoumia ni watu wa Arusha na Iringa, sisi joto ni la kwetu. Aliyetambia zaidi ni mzee wetu wa kundi, tunayemwita Mjomba ingawa si mjomba wa mtu. Alianza mchakamchaka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na hajaacha mpaka leo, kwa hiyo akisema jambo la mbio, limesemwa.

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, kilomita ya 16, nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, miguu imegoma, masikio yanavuma. Kijana mmoja akasimama akaniinamia: "Mzee, uko sawa?" Fulana yake ilikuwa ya klabu ya Iringa.

Nilimaliza nikitembea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima yale tunayoambizana kwenye kijiwe cha kahawa baada ya mazoezi. Mengi yana ukweli nusu.

"Sisi wa pwani tumezaliwa na joto"

Kukaa kwenye joto na kukimbia kwenye joto ni mambo mawili. Nishati anayoichoma mkimbiaji, kama robo tu ndiyo inayosukuma miguu. Iliyobaki inageuka joto humo humo mwilini. Fundi cherehani wa Chikongola anayeshinda chini ya bati amezoea hewa ya nje, hajazoea tanuri linalowaka ndani ya kifua chake mwenyewe. Tanuri hilo huzoeleka kwa kulikimbia. Ukifanya mazoezi kwenye joto siku 10 hadi 14 mfululizo, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema zaidi, na chumvi inayotoka nalo inapungua. Ukiacha mazoezi wiki chache, faida hiyo inayeyuka, hata kama muda wote huo umelala Shangani, hapa hapa Mtwara.

Ndiyo maana mtu wa bara akijiandaa anaweza kutupita. Alphonce Simbu ni mtu wa Singida. Januari 2017 alishinda marathoni ya Mumbai, mji wa bahari kama yetu, kwa saa 2:09:32. Septemba 2025 akaenda Tokyo kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha, asubuhi ya joto na unyevunyevu, akamfikia Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia iamue. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Fukuto halikumuuliza amezaliwa wapi.

Wala halikumuuliza Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa. Bekele alikuwa ameshinda mbio ndefu ya mashindano hayo miaka mitano mfululizo, na kila mtu alijua wa sita unakuja. Mzunguko wa mwisho akaacha njia, akatoka. Aliyeshinda ni Zersenay Tadese wa Eritrea, naye pia mtu wa nyanda za juu. Sisi watu wa mwambao tulikuwa nje ya uzio, tunapunga bendera.

"Jasho likitiririka, ujue mwili unapoa"

Hili ndilo lililonikalisha kwenye ukingo wa barabara, kwa hiyo niruhusu nikae nalo kidogo.

Jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na takribani kilokalori 580 za joto. Ikidondoka kwenye lami haikuondolea chochote, umepoteza maji na chumvi bure. Na kukauka kunategemea hewa ina nafasi kiasi gani ya kupokea mvuke. Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa hili, maana analiona kambani. Kanga iliyofuliwa Julai kusi likivuma inakauka kabla chai haijachemka. Kanga hiyo hiyo Februari, mvua zikiwa zinapita, inashinda imelegea na jioni unaikuta bado nzito mkononi. Ngozi yako nayo ni kanga tu.

Siku ile Dar, kilomita ya kumi, viatu vyangu vilianza kulia chwa, chwa, kila hatua. Mvua haikunyesha na sikukanyaga dimbwi. Ni jasho lililoshuka mapajani, likapita soksi, likajaa viatuni. Nikajiambia: safi, mwili unafanya kazi. Ulikuwa unafanya kazi kweli, ila kazi yenyewe haikuwa na matokeo.

Wanaoandaa mbio kwa umakini hawatazami kipimajoto cha kawaida peke yake. Kuna kipimo kinachounganisha vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji, kingine kimo ndani ya tufe jeusi linaloota jua, cha tatu kinapima hewa ya kivulini. Kile cha kitambaa chenye maji hubeba asilimia 70 ya hesabu nzima, tufe 20, kivuli 10. Ukiona mgawanyo huo utajua kipi wataalamu wanakiogopa zaidi.

Upepo nao una ujanja wake. Tukitoka mjini kwenda Mikindani wakati wa kusi, upepo unatusukuma kutokea nyuma na kila mtu anafurahi. Lakini upepo ukienda nawe kwa kasi yako, hewa inayokuzunguka ni kama imesimama. Unapika. Kurudi unaukabili, unaulaani, na kumbe ndio unaokukausha.

"Tuanze gizani, tatizo ni jua"

Alfajiri ni bora, sibishi. Ila watu hudhani jua likiondoka hatari yote imeondoka, na kumbe unyevunyevu wa hewa hufika juu kabisa saa zile zile za alfajiri. Septemba 2019 huko Doha marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku. Hapakuwa na jua hata chembe. Joto lilikuwa kama nyuzi 32 na unyevunyevu ulizidi asilimia 70. Walianza wanawake 68, wakaishia njiani 28. Mshindi, Mkenya, alitumia saa 2:32:43, wakati Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia 2:17:08 Dubai. Kama bingwa wa dunia anaongezewa dakika 15, mimi na wewe tunang'ang'ania muda wetu wa Julai kwa sababu gani?

Halafu hapa kwetu kuanza alfajiri ni ratiba ya kwenye karatasi. Siku yetu tuliambiwa saa kumi na mbili kamili. Mgeni rasmi alichelewa, akafika, akashukuru wadhamini mmoja mmoja, na tukaachiwa saa kumi na mbili na dakika hamsini. Dakika hizo hamsini nilikuja kuzikumbuka juu ya Daraja la Tanzanite, ambako hakuna mti, na mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka majini.

"Kunywa kila kituo, usisubiri kiu"

Huu ulikuwa wimbo wa Mjomba, na ushauri wenyewe ulitangazwa dunia nzima kwa miaka mingi. Mwaka 2002 kwenye marathoni ya Boston mwanamke mmoja alifariki baada ya kunywa kupita kiasi. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ilishuka mno kwenye damu yake, na hali hiyo huufanya ubongo uvimbe. Watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 wa mbio ile ile, wakakuta asilimia 13 sodiamu imeshuka chini ya kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni, na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne, yaani wale wa mwendo wetu, wenye nafasi ya kusimama kila meza ya maji na kusalimiana.

Kiasi kipi basi? Sisi tulipima. Mwenzetu mmoja ni karani wa ghala la chama cha msingi, na siku moja ghala likiwa tupu alitupandisha kwenye mzani wa korosho kabla na baada ya mazoezi, kama magunia. Mimi nilianza na kilo 71.4 nikarudi na 69.5, na njiani nilikunywa nusu lita. Hiyo ni lita 2.4 za jasho kwa saa moja na dakika 50. Dada mmoja mwalimu, tuliyekimbia naye bega kwa bega, alipungua gramu 700 na alikuwa amekunywa mililita 400. Mimi natoa jasho mara mbili yake na zaidi, njia moja, asubuhi moja. Tukiamriwa sote chupa moja kila kituo, mmoja atakauka na mwingine atafurika. Kupungua kidogo ukifika mwisho si balaa. Kuongezeka ndiko kwa kuogopa. Kiu, ambayo tuliambiwa tusiiamini, kwa watu wengi inatosha kuongoza.

Na dafu? Naulizwa kila mara, maana ni fahari yetu. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoka na sodiamu zaidi. Mimi hulinywa pamoja na muhogo wa kukaanga uliopakwa chumvi na pilipili. Hapo hesabu inakaa sawa, na tumbo nalo linashukuru.

Mambo mawili ya haraka. Kuvaa nailoni ndani ya fulana ili "kuyeyusha mafuta": kinachotoka ni maji, yatarudi ukinywa, na wakati huo umeziba mlango mkuu wa kupoa. Kumeza diklofenaki kabla ya kukimbia ili magoti yasiume: dawa za jamii hiyo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu aliyekaukiwa maji kwenye joto tayari zimebanwa. Panadol nayo haishushi joto hili, kwa sababu si homa.

"Usimmwagie maji ya baridi, atapooza"

Hapa ndipo naona tunaweza kuua mtu kwa upendo. Akianguka mkimbiaji, wanaomzunguka wanamfunika kanga, wanamsogeza juani apate hewa, na akitokea mtu na ndoo anakemewa: ana joto huyo, maji ya baridi yatampoozesha. Kupooza kwa kiharusi hutokana na mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka. Anayemaliza mtu aliyepandwa na joto la mbio ni joto lenyewe. Mwili ukipita nyuzi 40 na akili ikavurugika, kila dakika inachoma viungo vya ndani.

Kuna mbio za kilomita 11 na ushei huko Falmouth, Marekani, pembeni ya bahari, zinazokimbiwa Agosti. Madaktari wake walikusanya kumbukumbu za miaka 18: watu 274 waliopatwa na hali hiyo wakatumbukizwa kwenye matangi ya maji na barafu. Hakufa hata mmoja. Kanuni yao ni fupi: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Hata kama hospitali ya Ligula iko mtaa wa pili, mpoze hapo hapo huku gari linaitwa. Kama huna tangi, mpeleke kivulini, mvue fulana, mmwagie maji ndoo kwa ndoo mwili mzima bila kusita, mpepee, mwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua usimpe kitu mdomoni.

Utamjuaje? Wengi husubiri ngozi ikauke: "bado anatoka jasho, hajafika pabaya." Mwaka 1984, Olimpiki ya Los Angeles, Mswisi Gabriela Andersen-Schiess aliingia uwanjani akipepesuka, mwili umepinda upande mmoja, akizunguka mzunguko wa mwisho kama mlevi. Madaktari waliona bado anatoka jasho, wakamwacha amalize. Alimaliza, akapona. Lakini mkimbiaji anaweza kulowa chapachapa na ndani anaungua. Kitazame kichwa chake. Muulize jina, muulize tuko kilomita ya ngapi. Akijibu ovyo, akigombana nawe bila sababu, akikimbia kuelekea mtaroni, mbio zake zimeisha.

Yule kijana wa Iringa aliniuliza maswali hayo hayo. Nilimjibu kilomita ya 12. Akanivua kofia, akapasua barafu ya mfuko aliyoinunua kwa mtoto mmoja pembeni ya barabara, akaimimina ndani, akanivisha tena. Yale maji yakishuka mgongoni ndipo nikasikia tena kelele za mji.

Siku hizi tunapokwenda Mikindani Jumamosi, mama mmoja pale anatuwekea barafu na ndoo mbili. Mjomba hazigusi. Anasema ana umri wa kuogopa kupooza. Wiki iliyopita nilichelewa kufika, nikawakuta wenzangu kivulini na Mjomba hayupo. Nikamwona ng'ambo ya barabara, viatu kaviacha kwenye mchanga, yumo baharini mpaka shingoni. Nilipomwita akasema anatafuta kaa.