Acheni kusema "ni mbali"

Wiki iliyopita nimepigiwa simu ileile. Mteja ana kiwanja Kwa Mrombo, dalali kamwambia bei iko chini "kwa sababu ni mbali na mji", na yeye anaomba nimkadirie juu kidogo kwa vile mji unakuja. Nafanya kazi ya uthamini, yaani kukadiria thamani ya nyumba na viwanja, hapa Arusha, na sentensi hiyo imenichosha. Naijibu leo kwa maandishi, ili mwingine akiniuliza nimtumie haya.

Si mbali. Simama Mnara wa Saa katikati ya mji, pima mpaka Njiro kwenye bei ya juu, kisha pima mpaka Kwa Mrombo. Kilomita hazipishani kiasi cha kueleza tofauti ya bei iliyopo. Nenda Usa River, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, uone watu wanavyogombania maeneo yaliyokatwa kutoka kwenye mashamba makubwa ya zamani. Kama umbali ndio ungekuwa unapanga bei, Usa River ingekuwa bure.

Wakishindwa kwenye umbali wanahamia kwa watu: eti kule ni uswahilini, kuna vibaka. Siandiki thamani ya nyumba kwa kumtazama jirani usoni, na wanaosema hivyo wengi hawajawahi kushuka kwenye kifodi, ile daladala ndogo, kule.

Kinachoamua ni kitu ambacho mnunuzi anakikanyaga bila kukiangalia, yaani njia ya kuingilia.

Mwaka jana benki ilinituma kukagua nyumba ya mwalimu mstaafu. Vyumba vinne, vigae safi, madirisha ya alumini, dari iliyonyooka. Kazi nzuri kabisa. Gari niliacha barabarani nikatembea. Kutoka barabarani mpaka getini ni kama mita 140, nikawa natandika tepu kila baada ya hatua chache. Mwanzoni mita 2.6. Penye kona ya ukuta wa jirani, mita 1.9. Tofali za ile kona zilikuwa zimekwanguka kwa urefu wa goti, mstari mrefu mweupe, alama ya matoroli. Kila tofali ya nyumba ile, kila ndoo ya mchanga, lori lilimwaga barabarani na vijana wakasukuma hadi ndani kwa malipo ya pili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hii nyumba imekula kiinua mgongo changu chote. Andika inavyostahili."

Niliandika chini ya alichotumia kujenga, na iliniuma. Lakini gharama na thamani ya soko ni vitu viwili. Gharama ni ulichotoa wewe. Thamani ya soko ni atakachotoa mtu mwingine, na huyo mwingine ana gari, anataka lilale ndani. Choo kikijaa, mpira wa gari la majitaka haufiki. Moto ukitokea, zimamoto wanaishia barabarani. Nyumba ile ingekuwa kwenye barabara ya mita 8, ningeandika tarakimu nyingine kabisa, kwa vigae vilevile.

Sasa njia ya mita 1.9 inazaliwaje? Hakuna mtu mbaya hapo. Mzee ana shamba la mahindi, anawagawia watoto, mmoja anauza mbele, mwingine anauza nyuma, kila mmoja anaacha upenyo wa kupita punda. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia, muhuri unagongwa, basi. Fanya hesabu kama muuzaji. Heka yetu ya mtaani ni hatua 70 kwa 70. Ukiacha barabara ya mita 8 ipite mwisho hadi mwisho, umetoa karibu mita za mraba 560. Hicho ni kiwanja kimoja cha ishirini kwa ishirini na karibu nusu ya kingine, na hakuna anayekulipa. Kila muuzaji anamwachia jirani yake atoe barabara, na jirani naye hivyohivyo, mpaka wote wamefungiana ndani.

Njiro ilichorwa kwanza. Bloku, namba, bikoni (mawe ya mipaka), barabara, ndipo nyumba. Kule kata ya Muriet zipo sehemu zilizopimwa namna hiyo, na bei zake zinasimama vizuri, ng'ambo tu ya viwanja visivyopimwa, vinavyokosa wanunuzi. Jina la kata ni lilelile.

Kutoka hapo mengine yanafuatana. Pasipo upimaji hakuna hati, pasipo hati benki haikopeshi kirahisi, kwa hiyo mnunuzi lazima aje na pesa taslimu yote. Wenye pesa taslimu yote ni wachache, nao wanajua ni wachache. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, unasaidia, na nauunga mkono, ila unachora kufuata nyumba zilizokwisha simama. Ukikuta mpindo unarasimisha mpindo, isipokuwa watu wakubali kuvunja kuta.

Ndiyo maana mtu akiniambia "ngoja lami ije" napandwa na hasira. Lami inapandisha kiwanja kinachogusa lami. Nyumba ya tatu kwa nyuma inabaki na upenyo wake uleule, sana sana inapunguziwa vumbi na kuongezewa kelele. Barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa kuwa ya njia nne, waliokaa pembezoni waliona mabadiliko. Walioko ndani kwenye vichochoro bado wananiuliza yao yatakuja lini.

Mengine nayataja kwa haraka. Udongo mweusi wa upande wa kusini unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, msingi wake unakula pesa kuliko udongo mwekundu wa mlimani. Muriet kuna dampo la jiji. Kiwanja cha bei poa kando ya mto usikiguse, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 kutoka mtoni. Na kisima ukichimba, pima floraidi kabla ya kusherehekea, kwa kuwa maji mengi ya kuzunguka Meru yanazidi kiwango kinachoruhusiwa cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto yanabaki na rangi ya kahawia maisha yote.

Baada ya kusema yote haya, Ilboru, upande wa mlimani, inanisumbua. Ardhi ya ukoo, vichochoro kati ya migomba, hakuna bloku wala nini, na bei iko juu. Najieleza kwamba ni ubaridi, kijani, udongo mwekundu, na wageni walioanza kupanga huko. Lakini nikijieleza hivyo najua nimetafuta sababu baada ya kuiona bei.

Na kuna jambo zito zaidi. Sisi wathamini tunakadiria kwa kulinganisha na mauzo ya jirani. Kama mtaa umekuwa ukiuzwa chini kwa sababu ya maneno ya madalali, mimi nikinakili mauzo hayo kwenye ripoti, benki inayasoma kama ukweli, na mnunuzi anayefuata anaambiwa "hata mthamini kasema". Kwa hiyo sehemu ya bei ile ndogo huenda naishikilia mimi kwa saini yangu. Siku hizi naandika upana wa njia ukurasa wa kwanza, kwa mita, ili msomaji aone kinachoshusha ni ukuta upi, asifikiri ni mtaa mzima.

Mwezi uliopita Mwalimu alinipigia. Majirani wawili wamekubali kurudisha kuta zao nyuma. Wa tatu, mwenye ile kona ya mita 1.9, anasema mpaka aongee na wanawe. Nimemwambia akikubali anijulishe siku hiyohiyo, nitarudi na tepu bila malipo.