Je, wajua kwa nini uyoga mweupe wa bustanini huacha unga wa kijani?

Masika yakikolea, kwenye ukoka wa viwanja vya shule, hoteli na nyumba za mijini huchomoza uyoga mkubwa mweupe. Kofia yake huweza kupita sentimita 20, imetapakaa magamba ya kahawia, na mguu wake mrefu umevaa pete inayosogea ukiigusa. Mara nyingi huota kwa duara. Kwa macho ni mboga safi kabisa, lakini aliyeula huanza kutapika na kuharisha vibaya baada ya saa 1 hadi 3. Jina lake la kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites. Umeenea katika nchi nyingi za joto, na huko Amerika Kaskazini ni miongoni mwa uyoga unaodhuru watu wengi zaidi.

Mtu akiukuta, hutafuta kipimo cha haraka cha sumu. Vipimo hivyo ni vingi, na vyote ni vya uongo. Wapo wanaosema uyoga wa sumu una rangi kali. Mbona uyoga wa njano iliyoiva wa misitu ya miombo huliwa Tanzania miaka yote, ilhali Amanita phalloides, unaoua kuliko wowote duniani, una rangi iliyopauka ya kijani au nyeupe tu? Wengine huupika pamoja na kijiko cha fedha au kitunguu, wakingoja kigeuke cheusi. Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa, hata mayai huifanya hivyo. Sumu ya uyoga haihusiki. Wengine tena huamini kwamba ukiliwa na wadudu au konokono basi ni salama. Konokono hula uyoga wa sumu bila kudhurika, na wako nzi ambao mabuu yao hukulia ndani ya uyoga wenye sumu ileile inayoua ini la binadamu. Kuuchemsha nako hakusaidii: sumu ya Amanita phalloides haiharibiwi na moto wala kwa kuanikwa juani.

Hakuna kipimo cha sumu cha jikoni. Kinachowezekana ni kuutambua uyoga wenyewe, aina kwa aina, na kazi hiyo huanzia chini ya kofia.

Ukiugeuza utaona mikunjo myembamba iliyopangana kutoka mguuni hadi ukingoni. Juu ya kila mkunjo hutengenezwa spora, chembe za uzazi ndogo mno zisizoonekana kwa jicho moja moja. Zikikomaa hudondoka, kama unga unavyodondoka chini ya chekecheke: punje moja huioni, lakini acha chekecheke juu ya sinia kwa muda na rangi ya unga itajitokeza yenyewe. Basi kata mguu, laza kofia kwenye karatasi mikunjo ikitazama chini, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Karatasi yenye nusu nyeupe na nusu nyeusi ni bora, maana spora nyeupe hazionekani kwenye weupe. Asubuhi uyoga wetu wa ukoka utakuwa umeacha alama ya kijani iliyofifia, rangi adimu sana kwa uyoga. Ule wa vichuguu, unaopendwa sana Afrika Mashariki, huacha alama ya waridi hafifu, na ukiuchimba utakuta mguu wake umeshuka kama mzizi hadi kwenye makao ya mchwa.

Ukijani huo unatoka kwenye spora. Mikunjo yenyewe ni myeupe, na hubaki myeupe hadi spora zikomae juu yake. Kwa hiyo uyoga mchanga, ule laini unaotamanisha, hauna dalili yoyote ya kijani. Ndiyo maana hunasa hata watu wanaojua kuchuma.

Lakini alama ya karatasini hukataza tu, hairuhusu. Ya kijani inatosha kuutupa uyoga. Nyeupe haikuambii ule, kwa sababu Amanita phalloides nao huacha nyeupe. Huo si wa porini pekee: katika mji wa Vancouver, jimbo la British Columbia, Kanada, huota chini ya miti ya barabarani yenye asili ya Ulaya, kwa kuwa kuvu wake huishi kwenye mizizi ya miti na husafiri nayo. Mwaka 2016 mtoto mdogo alikufa katika jimbo hilohilo baada ya kuula. Kahawia iliyokolea nayo ni ya uyoga mwingi unaoliwa, pia ya Agaricus xanthodermus, unaoumiza tumbo. Huo hugeuka njano ukikwaruzwa sehemu ya chini ya mguu na hunuka kama wino.

Mtu akiwa ameshaula, mpelekeni hospitali hata kabla hajaanza kuumwa, pamoja na mabaki ya uyoga yaliyofungwa kwenye karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki huoza upesi. Sumu ya Amanita phalloides huweza kukaa kimya saa 6 hadi 24. Kisha huja kutapika na kuharisha, halafu nafuu ya siku moja hivi inayowadanganya ndugu kwamba mgonjwa amepona, wakati ini linaendelea kuharibika.