Je, wajua kwa nini barua pepe ya gesti ya Lamu hurudishwa na mwenyewe hana kosa?

Mgeni wa Milano ameuliza chumba cha Desemba kwenye gesti moja ya Shela. Mwenye gesti amejibu siku hiyohiyo: bei, picha za baraza, na saa ambayo boti itamsubiri gatini Manda akishuka kwenye ndege. Siku chache baadaye mgeni amelipia kwingine, akiamini kwamba amepuuzwa. Jibu lilitoka Lamu vizuri, likafika kwenye seva ya Italia, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua, likakataliwa.

Seva inayopokea barua haimjui mwenye gesti. Kinachoonekana kwanza, kabla barua haijasomwa hata neno moja, ni anwani ya IP ya seva iliyoileta, yaani namba yake kwenye intaneti, tuseme 192.0.2.45. Hapo seva huuliza orodha ya kuzuia, yaani orodha ya namba zinazotuhumiwa kwa barua taka, kama namba hiyo imo. Swali hupitia DNS, mfumo uleule unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Anwani hupinduliwa ikawa 45.2.0.192, kisha huongezwa jina la orodha mwishoni. Kama haimo, jibu ni kwamba jina hilo halipo. Kama imo, hurudi jibu la aina ya 127.0.0.2, na seva nyingi hukataa barua papo hapo kwa kosa namba 550.

Orodha hizi zilizaliwa na shida ya kweli. Mnamo 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwatumia watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, tangazo la kompyuta ambalo hawakuliomba. Kufikia miaka ya 1990 matangazo ya namna hiyo yalikuwa mafuriko. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya kwanza huko Marekani, na mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus jijini London. Sitaki ziondolewe. Bila hizo, hata barua ya huyo mgeni wa Milano ingezama ndani ya ulaghai.

Ila orodha huhukumu namba, na namba moja huwa na watumiaji wengi. Anwani za IPv4, yaani za aina hii ya namba nne, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo watu hushirikishwa. Gesti ya Shela na duka la vikoi la Malindi wakinunua huduma ya seva ya bei nafuu, huwekwa pamoja na mamia ya tovuti nyingine, na barua za wote hutoka kwa namba moja. Tovuti moja ikiwa na programu isiyosasishwa, mhalifu huingia, na kabla ya adhuhuri ameshatuma maelfu ya barua za utapeli. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wengine hunaswa kwa kutuma barua moja kwa moja kutoka kwenye laini ya intaneti ya nyumbani badala ya kupitia seva ya mtoa huduma. Laini hizo zina orodha yake maalumu.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya. Barua iliyokataliwa waziwazi humrudia mtumaji na sababu. Iliyotupwa kwenye folda ya taka haisemi chochote. Hoteli kubwa ina fundi wa kukagua kumbukumbu za seva. Mwenye vyumba vitano huona tu kwamba msimu umelala. Pia zipo orodha zinazodai pesa ili kukutoa haraka. Mwongozo wa wataalamu wa intaneti uitwao RFC 6471, wa mwaka 2012, unasema wazi kwamba tabia hiyo inakaribia utozaji wa pesa kwa vitisho, nami nakubali kabisa. Spamhaus hawatozi kitu kumtoa mtu.

Ukipata barua iliyorudi, isome hadi chini. Mara nyingi jina la orodha na namba iliyozuiwa vimo. Andika ombi la kutolewa baada ya kuziba tundu: badilisha nywila, sasisha tovuti, safisha kompyuta ya ofisi. Ukiomba kabla, utarudishwa orodhani. Kama kosa ni la jirani, ombi ni la kampuni ya seva, wala si lako, na una haki ya kuidai ikuhamishie namba nyingine. Hakikisha pia kikoa chako, yaani jina la tovuti yako lililo baada ya @ kwenye barua pepe, kina SPF, DKIM na DMARC, alama zinazothibitisha kwamba barua ni yako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazisisitiza, hasa kwa wanaotuma barua nyingi, ambao kwa Gmail ni 5,000 au zaidi kwa siku. Na salamu za Idi zenye bei za vyumba usiwatumie wageni wa zamani ambao hawakuziomba: wakibonyeza kitufe cha taka, lawama ni ya kikoa chako.

Kabla ya kulipia seva mwaka mwingine, iulize kampuni swali moja: barua zangu zinatoka namba gani, na nani mwingine anaitumia?