Je, mtafiti wa ubongo anayenukuliwa sana ndiye mwenye mchango mkubwa zaidi?

Wengi huamini kwamba mtafiti wa ubongo mwenye makala nyingi zinazonukuliwa sana ndiye mwenye mchango mkubwa na wa kuaminika zaidi. Imani hiyo ina msingi: kazi isiyosomwa kwa kawaida hainukuliwi. Ila idadi ya nukuu huhesabu kutajwa tu, haielezi sababu ya kutajwa.

Makala inaweza kutajwa ili ipingwe. Nyingine huendelea kunukuliwa hata baada ya jarida kuziondoa rasmi. Makala inayoeleza programu ya kuchanganua picha za ubongo hunukuliwa na wengi wanaoitumia.

Kuna pia kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005: mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Humpendelea aliyedumu kazini. Tena makala moja iliyobadilisha fani nzima, hata ikinukuliwa mara 10,000, haiwezi kumwongezea zaidi ya 1; kwangu hilo ndilo pengo lake kubwa.

Kukagua si kazi ngumu. Tazama nafasi ya jina kwenye makala: katika fani hii, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Maelezo ya michango ya waandishi, yakiwepo, yatakujuza kuhusu wa katikati. Kisha soma makala mbili tatu zinazoinukuu, uone kama maabara nyingine zimepata matokeo yaleyale. Hakikisha pia kwamba orodha ya makala za mtafiti haijachanganya kazi za watu wawili wenye jina moja.