Umelipa kampuni moja, kasha lako limepanda meli ya nyingine

Hutujia waagizaji wenye wasiwasi: hati ya shehena, yaani karatasi ya mkataba wa kusafirisha mzigo, inataja kampuni waliyoilipa, lakini wakiifuatilia meli kwenye simu wanakuta ni ya kampuni nyingine kabisa. Wanadhani wametapeliwa. Hawajatapeliwa. Kampuni kubwa za meli hugawana meli, ingawa kila moja inabaki na biashara yake.

Sababu ni hesabu. Chukua njia ya Asia hadi Ulaya. Meli ikitumia wiki 12 kwenda na kurudi, anayetaka meli iondoke Shanghai kila wiki siku ileile lazima awe na meli 12. Zile kubwa hubeba makasha zaidi ya 20,000 ya futi 20. Ni wachache wanaoweza kuzinunua zote na bado wakazijaza. Basi mmoja analeta meli tano, mwingine nne, wa tatu tatu, na kila mmoja anapata nafasi kwa kadiri alivyochangia. Ratiba ni ya pamoja, bei hapana. Kila kampuni hutoza wateja wake nauli yake, na wakikaa kupanga bei pamoja wanaingia kwenye mkono wa sheria za ushindani.

Makundi haya huundwa na kuvunjika. Maersk na MSC walishirikiana tangu 2015, wakaachana mapema 2025. Februari ya mwaka huohuo Maersk ikaanza ushirikiano mpya na Hapag-Lloyd ya Ujerumani, uitwao Gemini.

Hatari yake ilionekana Agosti 2016, Hanjin ya Korea Kusini ilipoelemewa na madeni na kuomba ulinzi wa mahakama. Bandari nyingi zilikataa kuzipokea meli zake kwa kuhofia kutolipwa, zikabaki nje zimetia nanga na shehena za mabilioni ya dola. Hanjin ilikuwa na washirika, wakiwemo COSCO na Evergreen. Kwa hiyo mtu ambaye hakuwahi kuilipa Hanjin hata senti alijikuta kasha lake limekwama ndani ya meli ya Hanjin. Kwangu hilo ndilo funzo zito kuliko yote katika biashara hii.

Kwa hiyo unapoweka nafasi, muulize wakala: meli ni ipi, inaendeshwa na nani, na mzigo utahamishiwa wapi? Makasha mengi ya Mombasa na Dar es Salaam hubadilishiwa meli njiani, mathalani Salalah, Oman. Soma pia bima yako inasema nini mwendesha meli akifilisika, maana bima nyingi huweka mipaka hapo. Mzigo ukiharibika, anza na aliyekupa hati ya shehena, kwani mkataba wako ni naye, hata kama meli si yake. Usichelewe: hati nyingi hutoa mwaka mmoja tu wa kufungua shauri, tangu siku mzigo ulipokabidhiwa au ulipopaswa kukabidhiwa.