Klabu ya jamii ya shafobodi: ni nini, na huanzishwaje

Klabu ya jamii ya shafobodi ni kundi la watu wa rika na uwezo tofauti wanaokutana siku na saa ileile ili kusukuma visahani, wenye vifaa vya pamoja na mlango ulio wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Si timu, kwa sababu timu huchagua walio bora. Si ukumbi wa biashara pia, ambako mtu hulipia saa yake, hucheza na aliokuja nao, kisha huondoka bila kumjua aliyekuwa uwanja wa pili. Uwanja na vifaa hupatikana kwa fedha. Klabu huzaliwa pale mgeni anapopangwa kucheza na mwenyeji, na pasipo hilo mtakuwa na vifaa tu.

Kwa asiyeujua mchezo: shafobodi ya sakafuni huchezwa kwenye ukanda laini, mara nyingi wa saruji, wenye upana wa futi 6 na urefu wa futi 52, yaani karibu mita 16 ukihesabu na sehemu za kusimama. Kila upande umechorwa pembetatu ambayo ncha yake inaelekea katikati ya uwanja. Nchani kuna pointi 10, nyuma yake vyumba viwili vya 8, kisha viwili vya 7, na mwisho kabisa eneo la kuogopwa, ambalo kisahani chako kikitua humo unakatwa pointi 10. Visahani ni 8, vinne vya njano na vinne vyeusi, kila kimoja na kipenyo cha inchi 6. Husukumwa kwa fimbo ndefu yenye panda mwishoni, njano kwanza, kisha nyeusi, kwa kupokezana hadi vyote viishe. Kisahani kilichokalia mstari wa kutenganisha vyumba hakina pointi. Hesabu hufanywa baada ya kisahani cha nane, wala si kabla, na mechi nyingi huchezwa hadi mmoja afike pointi 75.

Uzuri wote umo katika huko kungoja hadi cha nane. Pointi 10 ulizonazo sasa hivi si zako bado, kwa sababu mpinzani anaruhusiwa kukigonga kisahani chako, akakitoa nje au, vibaya zaidi, akakisukuma nyuma hadi kwenye eneo la kukatwa. Ndiyo maana wazoefu huweka kisahani cha ulinzi mbele, kisha hukificha cha pointi nyuma yake. Na ndiyo maana kusukuma mwisho ni faida kubwa: mwenye kisahani cha nane hana wa kumjibu. Nguvu haina kazi hapa. Anayesukuma kwa kishindo huishia nje ya pembetatu. Mtoto wa darasa la nne, babu yake na mtu anayetumia kiti cha magurudumu wanaweza kukutana uwanja mmoja, na hakuna ajuaye mapema nani atashinda. Michezo ya namna hiyo si mingi.

Kuna pia shafobodi ya mezani, ambayo vipande vidogo vya chuma husukumwa kwa mkono juu ya meza ndefu ya mbao. Ni mchezo mzuri, na klabu inaweza kujengwa juu yake vilevile, ila meza kamili ina urefu wa futi 22 na si rahisi kuihamisha. Hapa nashughulika na ya sakafuni.

Kwa nini mchezo huu hufaa sana kujenga jamii? Jibu liko katika jinsi wawili wawili wanavyopangwa. Mnapocheza wanne, mwenzako hasimami nawe. Yeye yuko upande wa pili wa uwanja, karibu mita 16 kutoka hapo ulipo, na anayesimama kando yako ni mpinzani wako. Mnasukuma visahani vinane kwa zamu, kisha wale wa upande wa pili wanavihesabu na kuanza kuvirudisha, nanyi mnabaki mmesimama hapo mkiwa hamna la kufanya ila kutazama na kuzungumza. Mtu aliyekuja bila kumjua yeyote hujikuta amesimama na mtu mmoja kwa muda wa mechi nzima. Mwanzoni wanazungumzia mchezo tu: kisahani hiki kimegusa mstari au hakijagusa, hebu tuiname tuangalie. Wanainama wote wawili, wanakubaliana. Kufika mechi ya pili wameshaulizana wanaishi wapi na watoto wangapi. Hakuna mwenyekiti aliyewatambulisha. Utaratibu wa mchezo ndio uliofanya kazi hiyo, na mwanzilishi mwenye busara huulinda kama mboni ya jicho.

Historia ina fundisho moja linalostahili kusimuliwa. Mchezo wa mezani ulichezwa Uingereza karne nyingi zilizopita, wa sakafuni ulienea kwenye sitaha za meli za abiria mwishoni mwa karne ya 19, na mnamo 1913 ukaletwa nchi kavu huko Daytona Beach, Florida. Mwaka 1924 ilianzishwa klabu katika mji wa St. Petersburg, jimbo hilohilo, ambayo ilikua hadi kuwa na viwanja zaidi ya 100 na wanachama kwa maelfu. Kisha ikanyauka. Kizazi cha waliostaafu kilizeeka, vijana hawakuona kilichowahusu pale, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walibaki wanachama makumi machache kwenye viwanja vilivyojengewa umati. Ilichofanya klabu mwaka 2005 hakikuwa kujenga wala kukarabati kwanza. Ilifungua viwanja usiku wa Ijumaa kwa watu wote, bila malipo. Watu wakaja, wengi wao vijana, na klabu ikafufuka. Mwaka 2014 huko Brooklyn, New York, ukafunguliwa ukumbi wa viwanja 10 vya ndani, na mchezo ulioitwa wa wazee ukawa na foleni mlangoni.

Basi anayetaka kuanza asianze na saruji. Atafute sakafu laini na tambarare ambayo haitumiki jioni moja kwa wiki: ukumbi wa shule, wa nyumba ya ibada, wa kituo cha vijana. Mistari huchorwa kwa utepe wa gundi unaobanduka bila kuharibu sakafu, na kama urefu kamili haupatikani, ufupishwe. Mtu anayejifunza hatajali. Seti moja ya visahani 8 na fimbo nne inatosha watu wanne kwa wakati mmoja, na watu wanane hadi kumi na wawili kwa jioni moja wakipokezana. Zaidi ya hapo wanaosubiri huchoka na hawarudi, kwa hiyo seti ya pili ndiyo ununuzi wa kwanza wa klabu, kabla ya fulana, kabla ya kombe, kabla ya bango.

Chagueni siku na saa, na msiibadilishe hata wakija watu watatu. Mtu wa kawaida hufika mara ya kwanza wiki kadhaa baada ya kusikia habari zenu, na akikuta mlango umefungwa hatauliza tena.

Kati ya nyadhifa zote, mweka hazina na katibu wanajulikana na kila mtu. Anayesahaulika ni mpokeaji wa wageni. Huyu hachezi mechi ya kwanza ya jioni. Anasimama karibu na mlango, anamshika mgeni kabla hajaanza kujiona yuko mahali pasipo pake, anampa fimbo na kumwonyesha jambo moja tu: usirushe, tembea na kisahani hatua moja, kikiwa kimegusana na fimbo muda wote, kisha kiachie. Sheria nyingine atazijua akicheza. Halafu anampanga na mwenyeji mwenye subira. Kama klabu ina mtu mmoja tu wa kuaminika, apewe kazi hii na si uenyekiti.

Kuhusu fedha sina mengi: ziara ya kwanza iwe bure, ada iwe ndogo, akaunti iwe na watia saini wawili, hesabu zisomwe mbele ya wanachama.

Klabu ikishakuwa na watu ishirini hivi, tatizo hugeuka. Wazoefu huanza kutafutana, mechi zao zinanoga, na wapya wanasukumiwa uwanja wa pembeni kufundishana makosa. Dawa yake ni kupanga wawili wawili kwa kura kila jioni, ili bingwa aangukie kwa aliyeanza juzi. Wazoefu watalalamika kidogo, na wana haki, kwa sababu nao wanahitaji ushindani. Wapeni jioni yao nyingine, au ligi ya majuma machache yenye kuandikisha timu, ila jioni ya kura ibaki kuwa ya kura. Ligi nayo husaidia ukuaji kwa njia yake, kwa kuwa aliyejiandikisha na wenzake hawezi kukosa bila kuwaangusha.

Uwanja wa kudumu uje mwisho, mkishajua kwamba watu wapo. Hapo mtajifunza adabu ya saruji: hakuna kukanyaga eneo la kuchezea, kwa kuwa mchanga wa viatu hukwaruza rangi na kisahani huanza kupinda njiani. Uwanja ufagiliwe kabla ya kila jioni, ukaushwe kabisa mvua ikinyesha, na uwe na taa, maana wengi wenu mtacheza baada ya kazi. Jengeni viwili sambamba badala ya kimoja, hata kama kimoja ndicho mnachokimudu mwaka huu na cha pili kitasubiri mwaka ujao. Kwenye viwili wanaingia watu wanane kwa pamoja, na wanaosubiri hukaa katikati wakitazama pande zote mbili.